Mke wa Askari na Paa la Watoto Wake

Watu wengi husoma habari za vita vya zamani, wakashika majina ya majemadari na miaka ya mapigano. Ni wachache waulizao: mke wa yule askari aliyekwenda vitani alilala wapi? Na watoto wake je? Leo twataka kuwaongoza wasomaji wetu katika swali hilo, nasi tutalifuata mahali ambapo majibu yake yameandikwa kwa wino, yaani nchi ya Uingereza, katika karne ya 17 hasa.

Katika nyumba za kumbukumbu za mikoa ya nchi ile zimehifadhiwa karatasi nyingi ambazo maskini walizipeleka mbele ya mahakimu. Ni hati za maombi. Wanachuoni wa siku hizi wamezinakili kwa wingi, hata mtu yeyote aweza kuzisoma. Mmoja aomba asamehewe kodi, mwingine aomba mwanawe atolewe kifungoni. Na miongoni mwao wamo wake wa askari, ambao ombi lao mara nyingi ni dogo kwa maneno na kubwa kwa maana: wapewe mahali pa kukaa na watoto wao.

Msomaji wa leo atashangaa. Kwa nini mama aende mbele ya mahakimu kuomba nyumba? Hakuwa na mikono? Jirani zake hawakuwa na huruma? Hayo ndiyo tutakayoyaeleza, kwa maana mama yule alizuiwa na sheria zaidi ya alivyozuiwa na umaskini.

Kwanza tuitazame vita yenyewe. Mwaka 1642 Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake waliingia vitani, na vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea, kwa vipindi, mpaka mwaka 1651. Watu wa vijiji walichukuliwa na pande zote mbili, wengine kwa hiari yao, wengine kwa kulazimishwa. Askari wa miguu wa jeshi jipya la Bunge, lililoundwa mwaka 1645, aliandikiwa mshahara wa peni 8 kwa siku. Twasema aliandikiwa, kwa kuwa kuandikiwa ni jambo moja na kulipwa ni jambo jingine. Mishahara ilicheleweshwa miezi na miezi. Wengi walipewa hati za deni badala ya fedha, na wenye njaa wakaziuza hati hizo kwa bei ya kutupa.

Askari mwenyewe hakukosa paa. Majeshi yalipopita katika nchi yalijilaza katika nyumba za watu, mara nyingi bila malipo, ingawa Bunge lenyewe lilikuwa limelalamika juu ya desturi hiyo mbele ya Mfalme mwaka 1628. Basi ikawa hivi: mume amelala katika nyumba ya mtu asiyemjua, akila chakula chake kwa nguvu ya upanga, na huko nyumbani mwenye nyumba amdai mkewe kodi, na mshahara wa kuilipa haufiki.

Kodi isipolipwa, mama alitoka. Aende wapi?

Nyumba ya maskini wa Kiingereza wa siku zile haikuwa ngeni sana kwa macho yetu. Ilikuwa nyumba ya miti na fito, imekandikwa udongo, juu imeezekwa nyasi au mabua. Kwa msaada wa ndugu na majirani yaweza kusimama kwa muda mfupi. Udongo ulikuwapo, miti ilikuwapo, na nje ya vijiji vingi palikuwa na ardhi ya wazi walikolisha ng'ombe wao. Lakini mwaka 1589, katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge lilikuwa limeweka sheria kwamba mtu asijenge kibanda kipya cha kukaa watu ila kiwe na eka 4 za shamba. Aliyevunja sheria hiyo alitozwa pauni 10, na kila mwezi ambao kibanda kiliendelea kusimama, shilingi 40 zaidi. Pauni moja ilikuwa na peni 240. Hebu msomaji apige hesabu: faini ya pauni 10 ni mshahara wa askari wa miguu kwa siku 300, hata kama angalilipwa pasipo kukosa siku moja.

Sheria ile ile ilikataza jamaa mbili kukaa katika kibanda kimoja. Mwenye kumkaribisha mwingine na jamaa yake alitozwa shilingi 10 kwa kila mwezi. Hapa ndipo tunapoona uchungu wa jambo lenyewe. Jirani mwema aliyemwona mama na watoto wake wanyeshewa na mvua, akawafungulia mlango, alijitia katika hatari ya faini asiyoweza kuilipa. Huruma yenyewe iliwekewa bei.

Tusiwe wepesi mno wa kuwalaani waliotunga sheria hiyo. Watu walikuwa wameongezeka, ardhi ilikuwa haitoshi, na kila parokia ilitakiwa kuwalisha maskini wake yenyewe kwa kodi ya wenyeji. (Kwa neno parokia tusifikiri kanisa tu; huko lilikuwa pia jina la serikali ndogo ya kijiji.) Basi wenyeji waliogopa kila kibanda kipya, wakiona ndani yake midomo ambayo kesho wao watailisha. Hofu hiyo twaielewa. Ila hofu ya mwenye shamba kubwa juu ya kodi ya mwakani haiwezi kuwekwa katika mzani mmoja na hofu ya mama juu ya usiku wa leo.

Zamani palikuwa na milango mingine ya kubisha. Monasteri nyingi ziliwapokea wasafiri na maskini, na baadhi ya hospitali za kanisa ziliwalaza. Kati ya miaka 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alizifunga monasteri zote akazitwaa mali zao. Hatusemi kwamba kabla ya hapo hapakuwa na maskini aliyelala nje, maana huo ungekuwa uongo; sadaka za watawa hazikufika kila mahali wala hazikumtosha kila mtu. Lakini mlango uliokuwapo ulifungwa, na ilichukua miaka sitini kabla sheria kamili ya maskini haijawekwa mahali pake.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1601. Iliagiza kila parokia iwe na wasimamizi wa maskini, washirikiane na wazee wa kanisa, watoze kodi na kuwatunza wasiojiweza. Nayo ilifungua dirisha dogo katika ukuta wa sheria ya 1589: wasimamizi waliruhusiwa kujenga vibanda vya maskini katika ardhi ya wazi, hata bila zile eka 4, na kuweka humo jamaa zaidi ya moja. Sharti lilikuwa kwamba bwana mwenye ardhi hiyo akubali kwa maandishi. Kwa hiyo paa la watoto wa askari lilining'inia katika sahihi ya bwana, nia ya wasimamizi, na amri ya mahakimu. Mmoja akikataa, hakuna nyumba.

Lakini sheria ile ile ya 1601 ilikuwa na kifungu kingine, nacho ndicho kilichomtisha mama kuliko mvua. Wasimamizi waliweza kuwachukua watoto ambao wazazi wao hawakuweza kuwatunza, wakawafunga kwa mkataba katika nyumba za watu wengine kama wanagenzi: mvulana mpaka atimize miaka 24, msichana mpaka miaka 21 au aolewe. Watoto hao walipata paa na chakula. Wengine walitendewa vema wakajifunza kazi, wengine waligeuzwa watumwa wa jikoni na wa shambani. Vyovyote iwavyo, mama aliyeshindwa kupata nyumba alijua kwamba lipo jibu jingine lililo rahisi kwa parokia: mkubwa kwa huyu, wa pili kwa yule, na yeye mwenyewe akafanye kazi ya utumishi popote atakapopata.

Tukizisoma hati za maombi huku tukilikumbuka neno hilo, twazielewa vizuri zaidi. Anayeomba nyumba haombi kuta tu. Aomba watoto wake wakae pamoja, na wakae naye.

Labda msomaji atauliza: je, askari hawakuwa na haki ya pensheni? Walikuwa nayo. Tangu mwaka 1593 sheria iliamuru askari aliyeumizwa vitani alipwe na mkoa wake, na askari wa kawaida aliweza kupewa mpaka pauni 10 kwa mwaka. Lakini sheria hiyo ilimtazama mwenye jeraha, mjane hakutajwa. Mwezi wa Oktoba 1642, mara tu baada ya pigano kubwa la Edgehill, Bunge liliahidi kuwatunza pia wajane na yatima wa waliokufa kwa ajili yake, na mwaka 1647 likaweka amri juu ya jambo hilo. Ilikuwa hatua kubwa. Mjini London, katika hospitali za Savoy na Ely House walikotibiwa majeruhi wa Bunge, wauguzi walichaguliwa, kadiri ilivyowezekana, miongoni mwa wajane wa askari, nao wakapata ujira.

Sasa tumtazame mke ambaye si mjane. Mumewe hajaumizwa, au kama ameumizwa hakuna aliyeleta habari. Hajafa, au kama amefia shambani mbali na kwao, hakuna hati. Ili mjane apewe haki yake ilimpasa alete ushahidi, na ushahidi mwema ulikuwa barua ya ofisa aliyemwongoza marehemu. Ofisa huyo yuko wapi? Pengine naye ameanguka siku ile ile. Majina ya askari wa kawaida waliokufa hayakuwekwa katika daftari la kutangazwa kama yanavyowekwa katika vita vya siku zetu. Basi mke aliishi miaka katikati ya mambo mawili, hana mshahara wa mume aliye hai wala pensheni ya mume aliyekufa. Kwa mwanamke wa namna hii, njia iliyobaki ilikuwa kwenda kwa mahakimu.

Mahakimu hao walikuwa mabwana wenye mashamba, walioandikwa na Mfalme kutunza amani ya mkoa. Walikutana mara nne kila mwaka, na majuma ya kukutana yalihesabiwa kwa sikukuu za Kanisa: baada ya Tokeo la Bwana, baada ya Pasaka, baada ya kumbukumbu ya kuhamishwa masalia ya Mt. Tomaso Shahidi wa Canterbury, na baada ya Mt. Mikaeli. Jambo la ajabu ni kwamba Henry wa Nane alikuwa ameifuta sikukuu ya Mt. Tomaso, lakini mahakama zikaendelea kuihesabu katika kalenda yao.

Tumfikirie mama mmoja tu, tusimpe jina, kwa kuwa walikuwa wengi. Hajui kuandika. Amkuta mwandishi, amweleza shida yake, naye aiweka katika mtindo uliokwisha zoeleka. Kwanza hutajwa mahakimu kwa heshima zao. Kisha jina la mwombaji, na hapo hapo cheo chake pekee: mke wa fulani, askari. Kisha habari yenyewe: mume amekwenda kutumikia, watoto ni kadha wa kadha, wote wadogo, kodi ya nyumba imemshinda, ametolewa nje, amewaendea wasimamizi wa maskini nao hawakumsikiliza. Mwisho huja ombi, kwamba mahakimu waamuru wasimamizi wampatie mahali pa kukaa, na ahadi kwamba mwombaji atawaombea mahakimu kwa Mungu daima.

Maneno ni ya unyenyekevu, kama ilivyopasa mbele ya wakubwa. Lakini tuyasome kwa makini. Mama huyu hasemi, Nihurumieni kwa kuwa ninalia. Asema: mume wangu yuko katika kazi yenu, mimi ni mtu wa parokia hii, sheria imewapa wasimamizi kazi nao hawaifanyi. Huo si mkono wa mwombaji njiani. Ni mashtaka yaliyovikwa vazi la adabu. Twaamini kwamba nguvu ya hati hizi imo humo, na ndiyo sababu majirani mara nyingine walikubali kuweka majina yao chini yake, au alama zao kama hawakujua kuandika.

Mahakimu wakisadiki, amri yao iliandikwa kwa ufupi, mara nyingi juu ya karatasi ile ile: wasimamizi wampe makao yafaayo. Pengine walilikabidhi jambo kwa mahakimu wawili wakaao jirani, walipeleleze. Mistari miwili mitatu tu. Kwa mistari hiyo chumba kilipangwa kwa fedha za parokia, au kibanda kilisimamishwa katika ardhi ya wazi, na faini ya pauni 10 haikumgusa mtu. Si kila mama alipata. Wengine walirudi mara ya pili na ya tatu, kwa maana wasimamizi walijua kuchelewesha hata amri iliyotiwa sahihi.

Mambo yalibadilika Mfalme Charles wa Pili aliporudi mwaka 1660. Sheria ya 1662 iliwapa pensheni wale waliompigania baba yake. Waliokuwa upande wa Bunge walipoteza zao, na wajane wao pamoja nao, kana kwamba watoto wa upande ulioshindwa hawaoni baridi. Mwaka huo huo ilikuja sheria nyingine, iliyokuwa nzito kwa wake wa askari wote. Mtu aliyehamia parokia nyingine na kupanga nyumba ya chini ya pauni 10 kwa mwaka aliweza kurudishwa alikotoka, wasimamizi wakilalamika ndani ya siku 40 kwamba huenda akawa mzigo. Na mke hakuhesabiwa kwa mahali alipozaliwa bali kwa mahali pa mumewe. Mama aliyeolewa na askari aliyepita, akakaa kwao miaka yote, aliweza kupelekwa na watoto wake katika parokia ya mume asiyoijua, ambako hana shangazi wala mjomba. Mwaka 1697 ikaongezwa kwamba wanaopokea msaada, pamoja na wake na watoto wao, washone begani pa mkono wa kuume kitambaa chekundu au cha buluu chenye herufi ya maskini na herufi ya parokia. Alama hiyo ilifutwa mwaka 1810.

Karne mbili za kwanza ni hizo, na tumekawia kwazo kwa kuwa humo ndimo mama mwenyewe anaposikika akisema. Katika karne zilizofuata jeshi la Uingereza lilikuwa jeshi la kudumu, lenye kambi zake, nasi twaweza kudhani kwamba jambo la nyumba lilikwisha. Halikwisha. Wake wachache walioandikwa na jeshi waliruhusiwa kukaa kambini, na makao yao yalikuwa pembe ya chumba kile kile walimolala askari, imetengwa kwa blanketi lililotundikwa juu ya kamba. Humo mama alijifungua, humo alilea. Mchana aliwafulia askari nguo kwa malipo kidogo.

Jeshi lilipoagizwa kwenda ng'ambo, kama katika vita vya Uhispania na Ureno vya miaka 1808 mpaka 1814, wake waliochukuliwa walikuwa kama 6 kwa askari 100. Kura zilipigwa. Vikaratasi viliwekwa katika kofia, vingine vimeandikwa kwamba ataenda, vingine kwamba hataenda, na wanawake wakachota mmoja mmoja mbele ya waume zao, mara nyingine usiku wa kuamkia safari. Aliyechota karatasi mbaya alibaki gatini na watoto, hana kambi, hana mshahara, na kijiji cha mumewe pengine ni mwendo wa siku kumi kwa miguu.

Watu wenye moyo mwema waliona, wakatenda. Mwaka 1801 Duke wa York alianzisha Chelsea nyumba kubwa ya kuwalea watoto wa askari, nayo ikaanza kuwapokea mwaka 1803. Mwaka 1854, vita vya Crimea vilipoanza, ulifunguliwa mfuko wa taifa kwa ajili ya wajane na yatima, na watu wakaujaza kwa ukarimu mkubwa. Sehemu ya fedha hizo ilijenga jumba la mawe na matofali huko Wandsworth, karibu na London, kwa ajili ya mabinti waliofiwa na baba zao. Malkia Victoria aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1857, na mabinti wakaanza kuingia mwaka 1859.

Hatutaki kuudharau wema huo. Mtoto mwenye njaa alishiba, aliye uchi alivikwa, naye alifundishwa kusoma. Lakini tazameni jinsi jibu lilivyorudi kuwa lile lile la mwaka 1601, ingawa sasa limejengwa vizuri zaidi: mtoto apate paa, na mama abaki nje ya mlango. Wajane walipewa posho ndogo kila juma, ikiwa mwenendo wao uliwapendeza wasimamizi wa mfuko. Nyumba moja ya kumweka mama na watoto wake pamoja, ambayo yule mke wa karne ya 17 aliiomba kwa mahakimu kwa maneno machache, haikuwa katika mpango.

Jumba la Wandsworth lingali limesimama. Mabinti waliondoka humo zamani, na katika vita vya 1914 lilifanywa hospitali ya majeruhi. Siku hizi sehemu yake imegawanywa kuwa makao, na watu hukaa humo pamoja na jamaa zao.